Kinu cha nyuklia Kenya: usalama wake, bei yake, na nani atakayekisimamia

Mei 2024 polisi walitumia nguvu kuwatawanya wakazi wa Uyombo, kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kilifi, waliojitokeza kupinga kinu cha nyuklia kujengwa kando ya bahari yao. Baadhi waliumizwa. Mwaka uliofuata macho ya NuPEA, wakala wa serikali ya Kenya unaoshughulikia mambo ya nyuklia, yakahamia upande wa pili wa nchi, kaunti ya Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Mpango wenyewe, kama ulivyotangazwa wakati wa Kilifi, ni kinu cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027, umeme uanze kutoka 2034, gharama shilingi bilioni 500 za Kenya.

Katika mjadala huu wote, pande mbili zimekuwa zikivutana juu ya jambo lilelile, mionzi. Wapinzani wanataja Chernobyl na Fukushima. Watetezi wanajibu kwamba teknolojia imebadilika. Pesa hutajwa mwishoni, kwa haraka, kana kwamba ni shughuli ya wahasibu peke yao. Mimi nauona mjadala huu umekaa kichwa chini. Usalama wa nyuklia ukipimwa kwa takwimu ni mzuri kuliko wengi wetu tunavyodhani, na bei yake ni mbaya kuliko tunavyoambiwa. Halafu kuna swali la nani atakisimamia kinu hicho usiku na mchana kwa miaka 60, na hilo ndilo litakaloamua kama takwimu hizo nzuri zitatuhusu sisi.

Tuanze na vifo, maana ndivyo vinavyotisha. Watafiti wamejaribu kuhesabu ni watu wangapi hufa kwa kila kiasi cha umeme kinachozalishwa, wakijumlisha ajali za migodini, mitamboni na mabwawani pamoja na magonjwa yanayoletwa na moshi. Ukichukua uniti bilioni moja, uniti hiihii tunayoinunua kwa tokeni Kenya na kwa LUKU Tanzania, makaa ya mawe huua watu kama 25, mafuta 18, gesi karibu 3, maji 1.3. Nyuklia ni 0.03, na humo Chernobyl na Fukushima zimeshahesabiwa. Upepo ni 0.04 na jua 0.02.

Gridi ya Kenya hupokea zaidi ya uniti bilioni 13 kwa mwaka. Kama zote zingetoka kwenye makaa ya mawe, kwa kiwango hicho kilichopimwa Ulaya, tungekuwa tunazika zaidi ya watu 300 kila mwaka kwa ajili ya umeme, wengi wao wagonjwa wa moyo na mapafu, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake lingesomwa kwenye taarifa ya habari. Na njia hiyo tuliikaribia. Kituo cha makaa ya mawe cha Lamu, megawati 1,050, kilikwama baada ya mahakama maalumu ya mazingira kufuta leseni yake Juni 2019. Mtu akinilazimisha kuchagua kati ya kituo kile na kinu cha nyuklia, nitachagua nyuklia bila kusita.

Hata maji, ambayo tunayaona rafiki, yana historia yake. Agosti 1975 bwawa la Banqiao nchini China lilipasuka baada ya kimbunga. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 26,000 na mengine yanapita 170,000. Hakuna ajali ya nyuklia iliyofika karibu na hapo. Na kuna moshi ambao hauhesabiwi kabisa kwenye mabishano ya umeme, ule wa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kuni, mkaa na nishati nyingine chafu majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mama anayepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha yuko kwenye hatari kubwa zaidi leo kuliko jirani yeyote wa kinu cha kisasa. Umeme wowote wa bei nafuu utakaomtoa kwenye moshi huo utaokoa maisha, na neno zito hapo ni hilo la bei.

Sasa Chernobyl. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, mafundi walikuwa wakifanya jaribio kwenye kinu namba 4. Kinu kile kilikuwa cha aina ambayo, katika hali fulani, maji ya kupooza yakigeuka mvuke nguvu yake huzidi kupanda badala ya kushuka, na hakikuwa na kuba zito la zege la kuzuia mionzi isitoke nje. Watu wawili walikufa usiku uleule, na wengine 28, wengi wao wazimamoto na wafanyakazi wa kituo, walikufa katika miezi iliyofuata kwa ugonjwa wa mionzi. Baadaye zikaja saratani za tezi la shingo, maelfu, hasa kwa waliokuwa watoto na kunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa majani yaliyoangukiwa na iodini yenye mionzi. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 ilikadiria kwamba vifo miongoni mwa walioathirika zaidi vinaweza kufikia 4,000. Wapo wanaosema ni vingi zaidi.

Mtetezi wa nyuklia atasema kinu cha namna ile hakijengwi tena popote, na ni kweli. Lakini tazama jinsi watu walivyotendewa. Mji wa Pripyat, wenye watu karibu 49,000 mlangoni mwa kituo, ulianza kuhamishwa mchana wa tarehe 27, wakati watoto walikuwa wameshinda nje siku nzima ya Jumamosi. Dunia ilipata kujua tarehe 28, baada ya vipimo vya kituo cha Forsmark, Sweden, kuonyesha mionzi ambayo haikuwa yao. Maziwa yaliendelea kunywewa kwa sababu wenye kujua walinyamaza. Sehemu kubwa ya zile saratani za watoto ililetwa na ukimya huo.

Fukushima inafundisha zaidi, kwa kuwa Japani ni nchi tajiri yenye mafundi hodari na bunge linalouliza maswali. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la 9.0 lilifuatwa na tsunami iliyofika mita 14 hadi 15 kituoni hapo. Vinu vilikuwa vimejizima vyenyewe kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Mafuta yake huendelea kutoa joto, na kwa kinu cha megawati 1,000 bado ni kama megawati 30 za joto saa kadhaa baadaye. Joto hilo lisipoondolewa kwa maji yanayozungushwa na pampu, mafuta huyeyuka. Pampu zinataka umeme. Umeme wa gridi ulikatwa na tetemeko. Majenereta ya akiba, mengi yakiwa vyumba vya chini, yakafunikwa na maji. Vinu vitatu vikayeyuka.

Zaidi ya kilomita 100 kaskazini, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kulikuwa na kituo kingine, Onagawa. Wimbi lililokipiga lilikuwa na urefu unaokaribiana na la Fukushima. Kituo kilizimwa salama, na zaidi ya wakazi 300 wa eneo hilo waliopoteza nyumba walipewa hifadhi ndani ya ukumbi wake wa michezo. Onagawa ilijengwa juu, karibu mita 15 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa mhandisi Yanosuke Hirai aling'ang'ania hivyo miaka ya sitini, akikumbuka tsunami za kale za pwani ile. Fukushima kulikuwa na mwinuko wa mita 35, wakauchimba hadi mita 10 ili iwe rahisi kujenga na kuvuta maji ya bahari. Mwaka 2008 TEPCO, kampuni yenye kituo cha Fukushima, ilifanya hesabu zake yenyewe zikaonyesha wimbi la zaidi ya mita 15 linawezekana. Hawakujenga ukuta. Tume ya bunge la Japani iliandika mwaka 2012 kwamba lile lilikuwa janga lililosababishwa na binadamu.

Idadi ya waliokufa kwa mionzi yenyewe Fukushima ni ndogo mno. Serikali imekubali kifo kimoja cha saratani ya mapafu cha mfanyakazi. Zaidi ya watu 2,300 walikufa kutokana na uhamisho, wazee waliotolewa vitandani hospitalini, waliokosa dawa, waliokata tamaa kwenye nyumba za muda. Wapo wanaosema kwa hiyo hofu iliua kuliko mionzi. Hiyo ni nusu ya ukweli, maana hao wote wasingehamishwa kama ukuta ungejengwa.

Nikirudi Kenya, kuna usiku mmoja ambao kila anayeutaka mradi huu angeufikiria. Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima. Kenya Power ilieleza kwamba gridi iliyumba baada ya kupotea ghafla megawati kama 270 kutoka kituo cha upepo cha Ziwa Turkana. Wenye kituo wakajibu kwamba hitilafu ilianzia kwenye gridi. Nani mkweli si muhimu sana hapa. Muhimu ni uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambako jenereta ya kuhudumia jengo la abiria wa kimataifa ilikataa kuwaka, abiria wakakaa gizani na simu zao mkononi, na waziri wa uchukuzi akaomba radhi.

Uwanja ule ndio mlango wa taifa, unaotazamwa na kila mgeni. Kama jenereta yake haikuwaka siku ilipohitajika, mkazi wa Uyombo au Siaya ana haki ya kuuliza za kinu zitawaka vipi. Sisemi Wakenya hawawezi. Mafundi wa Olkaria wamekuwa wakiendesha mitambo ya mvuke wa ardhini tangu 1981, na wanaitwa nchi nyingine kufundisha. Ninachosema ni kwamba ile 0.03 ya vifo si sifa ya chuma na zege. Imepatikana kwenye nchi ambako, kwa sehemu kubwa, mkaguzi anaweza kumfungia mwenye kinu na asipigiwe simu kutoka juu.

Pwani tuna kipimo chetu cha hilo, Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilitoa sumu ya risasi iliyoingia kwenye damu ya watoto. Kiwanda kilikuwa na karatasi, na wakaguzi walikuwepo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipopata habari kwamba mwanawe mwenyewe ana risasi mwilini alianza kupiga kelele, na ilichukua miaka hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni mamlaka za serikali zilizotakiwa kuwalinda wakazi. Kesi ikapanda ngazi, ikashuka, hadi Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile Desemba 2024. Watu wanaokumbuka Owino Uhuru wakisikia "serikali itasimamia usalama", kukataa kwao si ujinga wa sayansi, kwa maana wanamjua msimamizi.

Taka za nyuklia nitazipitia upesi, kwa sababu ni tatizo dogo kuliko linavyovumishwa, ingawa ni refu. Kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 20 hadi 25 za mafuta yaliyotumika kwa mwaka; kituo cha makaa ya mawe cha ukubwa huo hutoa majivu kwa malaki ya tani. Finland imechimba hifadhi ya Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, ili izike taka zake kwa maelfu ya miaka. Kiufundi linawezekana. Kenya ingelazimika kuchimba yake au kupata mkataba wa kuzirudisha kwa muuzaji, na mkataba huo uwe umeandikwa kabla ya zege la kwanza kumwagwa.

Joto la maji linanishughulisha zaidi. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutupa kama megawati 2,000 za joto, na njia rahisi ni kuvuta maji mengi mno na kuyarudisha yakiwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi. Uyombo ipo jirani na Watamu na hori ya Mida, na matumbawe hupauka maji yakizidi joto lake la kawaida kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa. Wavuvi walipouliza samaki watakwenda wapi, waliuliza swali la kitaalamu. Siaya nako kuna gugumaji, ambalo huziba hori za Ziwa Victoria hadi mashua zishindwe kupita. Agosti 2025 kundi la konyeza liliziba vichujio vya maji vya kituo cha Gravelines, Ufaransa, na vinu vinne vikajizima. Havikudhuru mtu, lakini nguvu yote hiyo ilitoka kwenye gridi mara moja. Na ziwa lile si la Kenya peke yake. Mwanza, Bukoba na Entebbe wanakunywa humo, na sijaona sababu ya Watanzania na Waganda kutoulizwa.

Tuje kwenye bei, ambako naona hatari kubwa zaidi.

Kinu kikishajengwa na kulipiwa, umeme wake ni rahisi. Vinu vya zamani vya Marekani hutumia kama senti 3 za dola kwa uniti, mafuta, mishahara na matengenezo yote ndani. Urani yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama, na ndiyo maana kuwa na urani Namtumbo hakuifanyi Tanzania iwe na nyuklia rahisi, kama ambavyo Katanga ya Kongo haikupata taa kutokana na urani ya Shinkolobwe iliyokwenda Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kinachoua ni ujenzi. Flamanville 3 ya Ufaransa ilianza 2007 kwa bajeti ya euro bilioni 3.3, imalizike 2012. Iliunganishwa kwenye gridi Desemba 2024, na EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa inayokijenga, wenyewe wanataja bilioni 13.2. Vinu viwili vya Vogtle, jimbo la Georgia, Marekani, vilikadiriwa dola bilioni 14, vikaishia zaidi ya 30. South Carolina, mradi wa V.C. Summer uliachwa mwaka 2017 baada ya kula kama dola bilioni 9, na wateja wakaendelea kulipia umeme ambao hawataupata kamwe. Hawa si wageni wa nyuklia. Wamekuwa nayo tangu babu zetu.

Upande wa pili wa mizani kipo kituo cha Barakah, Falme za Kiarabu. Wakorea walisaini mwaka 2009 mkataba wa dola bilioni 20 kujenga vinu vinne. Cha kwanza kilianza kuuza umeme 2021, cha nne 2024, na sasa vinatoa robo ya umeme wa nchi. Kulikuwa na kuchelewa, lakini kazi ilikamilika. Siri yake inajulikana: muundo mmoja ulirudiwa mara nne, na wajenzi walikuwa hawajaacha kujenga kwao Korea. Mwenye nyumba naye alikuwa na pesa taslimu za mafuta. Kenya haina hata kimoja kati ya hivyo, kwani inataka kinu kimoja, cha kwanza, kwa mkopo.

Sasa linganisha makadirio. Shilingi bilioni 500 ni karibu dola bilioni 3.9 kwa megawati 1,000. Rooppur, Bangladesh, ni dola bilioni 12.65 kwa megawati 2,400, yaani kama bilioni 5.3 kwa kila elfu moja. El Dabaa, Misri, ni karibu bilioni 30 kwa megawati 4,800, zaidi ya bilioni 6 kwa kila elfu. Sijaona maelezo ya jinsi Kenya itakavyojenga kwa bei ya chini kuliko nchi hizo mbili zinazonunua vinu kwa wingi.

Tuikubali hata hivyo bei hiyo, tuseme dola bilioni 4, zitumike sawasawa kwa miaka 10, milioni 400 kila mwaka. Ukikopa kwa riba ya asilimia 3, siku kinu kinawashwa deni limeshafika karibu bilioni 4.6. Ukikopa kwa asilimia 10, ambayo si ya kubuni, kwani Eurobond ya Kenya ya Februari 2024, yaani mkopo wa dola kutoka soko la nje, ilitoka kwa zaidi ya asilimia 10, deni ni karibu bilioni 6.4 kabla taa moja haijawaka. Ligawanye kwa miaka 20 ya kulipa, kinu kikifanya kazi asilimia 90 ya muda. Kwa riba ya 3, kila uniti inabeba kama senti 4 za dola za kulipia mkopo. Kwa riba ya 10, inabeba senti 9.5. Ongeza senti 3 za uendeshaji na utaona kwamba tofauti ya kinu kizuri na kinu cha kutuangamiza iko kwenye karatasi ya mkopo kuliko kwenye uhandisi. Kenya inanunua umeme wa Ethiopia kwa senti 6.5.

Mkopo wa asilimia 3 upo. Misri iliupata, dola bilioni 25, kutoka Urusi, ambayo ndiyo pia inayojenga kinu. Wala si kosa kuuchukua, ila ujulikane ulivyo: aliyekukopesha ndiye anayekuuzia kinu, na huenda ndiye atakayekuuzia mafuta na vipuri kwa miongo. Ukigombana naye, hutagombana na benki tu.

Halafu gridi. Wahandisi wana kanuni kwamba mtambo mmoja usizidi karibu asilimia 10 ya uwezo wa gridi, ili ukizimika ghafla mingine iweze kuubeba. Mwanzoni mwa 2025 kilele cha matumizi Kenya kilikuwa kidogo juu ya megawati 2,300. Hata kikikua kwa asilimia 5 kila mwaka hadi 2034, kitakuwa karibu 3,600. Kwa kanuni hiyo, kinu kisizidi megawati 360 hivi. Tunaambiwa 1,000. Kama 270 zilitajwa kuwa chanzo cha giza la nchi nzima, sihitaji kumaliza sentensi.

Na usiku wa manane matumizi hushuka hadi karibu nusu ya kilele. Hivi sasa saa hizo mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Kinu cha nyuklia kinataka kukimbia mchana na usiku ndipo kilipe deni lake. Kikifanya kazi nusu ya muda, zile senti 9.5 zinakuwa 17. Ili kiuze, itabidi ama tufunge mvuke ambao tayari tumeuchimba, ama tuuze nje. Watetezi wana hoja hapa: njia ya umeme ya Ethiopia ipo, ya Tanzania kupitia Singida iliwashwa mwishoni mwa 2024, na gridi za Afrika Mashariki zikiunganishwa vizuri megawati 1,000 haitakuwa kubwa tena. Naikubali. Ila nawauliza majirani watanunua kwa bei gani. Ethiopia ina bwawa la megawati 5,150 lililozinduliwa Septemba 2025, na Tanzania ina megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni ukame. Zambia mwaka 2024 iliishi gizani kwa saa nyingi kila siku kwa sababu bwawa la Kariba lilipungukiwa maji. Tanzania ilipata mgao mwishoni mwa 2022 maji yalipopungua, na sasa imeweka mayai mengi kwenye mto mmoja wa Rufiji. Jua halitoki usiku, upepo hauamriwi. Nchi inayotaka viwanda inahitaji kitu kinachosimama masika na kiangazi. Mtu akiniambia kwamba Uganda au Tanzania ya 2045 itahitaji nyuklia, sina haraka ya kumpinga. Hata hivyo nyuklia nayo hulala. Mwaka 2022, Ufaransa ilipokuwa ikishughulikia nyufa kwenye mabomba ya vinu vyake, uzalishaji wake wa nyuklia ulishuka hadi kiwango cha chini kabisa tangu 1988.

Kwa Kenya jibu la ukame liko chini ya miguu. Serikali yenyewe hukadiria mvuke wa Bonde la Ufa kuwa megawati 10,000, na iliyojengwa ni chini ya 1,000, nayo inatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Inajengwa kwa vipande vya megawati 30, 70, 80, kwa hiyo kosa la kipande kimoja haliangushi taifa na deni linaanza kulipwa mapema. Haina usafi wa malaika. Wamaasai waliohamishwa mwaka 2014 kupisha Olkaria IV walilalamika hadi Benki ya Dunia, na wana sababu. Upepo wa Turkana vilevile: mahakama iliamua 2021 kwamba ardhi ile ilipatikana kinyume cha sheria, na mitambo 365 ilikaa bure kwa muda mrefu huku mlipa kodi akitozwa mabilioni kwa kuwa njia ya kupeleka umeme Suswa ilichelewa. Kituo kilikuwa tayari, serikali haikuwa tayari. Kinu cha nyuklia kikisubiri nguzo namna hiyo, riba peke yake ingekuwa mamia ya milioni ya dola kwa mwaka.

Vinu vidogo vinasemwa sana kuwa ndivyo vitakavyotufaa, na kwa ukubwa wa gridi yetu ni kweli vingekaa vizuri zaidi. Mradi wa kampuni ya NuScale kule Marekani, uliokuwa ujengwe Idaho kwa ajili ya miji ya Utah na jirani zake, ulitazamiwa kuonyesha njia. Bei yake ilipanda kutoka kama senti 6 hadi karibu senti 9 kwa uniti, wanunuzi wa kutosha wakakosekana, na Novemba 2023 ukafutwa. Wacha wenye pesa watangulie.

Kwa hiyo nisingeivunja NuPEA, wala nisingewaita nyumbani vijana waliopelekwa Korea na kwingineko kusomea fani hii. Nchi inahitaji watu wanaojua mionzi, hata kwa hospitali za saratani tu. Ningeongeza bajeti na meno ya mamlaka inayodhibiti nyuklia, iwe na uzoefu wa kumkatalia mkubwa kabla ya kupewa kinu. Shilingi bilioni 500 ningezipeleka kwenye visima vya mvuke, kwenye njia za umeme, na kwenye kushusha bei ya uniti ili yule mama azime kuni.

Na kama serikali imeshaamua, basi kabla ya mtu wa Siaya kuulizwa fidia ya shamba lake, awekewe mezani, kwa Kiswahili na Kijaluo, riba ya mkopo, bei ya uniti itakayolipwa kinu kikifanya kazi na kisipofanya, jina la atakayechukua taka, na kiwango ambacho mwenye kinu atalipa ajali ikitokea. Japani inakadiria gharama za Fukushima kuwa zaidi ya yeni trilioni 23, ambazo ni zaidi ya pato la Kenya la mwaka mzima. Kiwango hicho kikiwa kidogo kuliko hasara, tofauti yake italipwa na nani, na kwa sheria ipi?